Anayekaa Katikati

Foa, Ha'apai
13 Februari 2024

Mwanangu Siupeli,

Hatujambo. Naanza na hilo kwa sababu tangu Januari kila kinachotoka kwetu kinakushtua. Hakuna aliyekufa tena. Mguu wangu umepungua kuvimba, kuku wamerudi kutaga, na mshelisheli wa nyuma ya jiko umezaa mpaka tunawapa nguruwe. Losaline anakusalimu, mkeka wake mkubwa amebakiza kuupinda pembeni. Mwambie mkeo Hingano gauni jeusi alilolisahau nimelifua na kulikunja.

Kaburi la baba yako tumelitandazia mchanga mweupe na kokoto nyeusi. Kokoto nilizipaka mafuta ya nazi mwenyewe, moja moja. Siku zote za maombolezo nilikaa kichwani pake kama inavyompasa dada mtu, sikuruhusiwa kugusa hata sufuria. Sasa wageni wameondoka, mikono inatafuta kazi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa karatasi, wakati wewe mwenyewe ulinifundisha kuandika kwenye Lalanga, mtandao wako wa kutumiana maneno, na mwaka mzima tumeijaribu, wewe huko, mimi na baba yako huku. Nina sababu. Barua hii anaileta mke wa kasisi, anakuja Auckland kwenye mkutano wa kanisa. Mdomo wa bahasha nimeushona kwa uzi wa mkadi, mafundo matatu. Ukikuta mawili, niambie.

Ijumaa alipita Kelepi, ofisa wa kijiji. Aliketi kwenye ngazi yangu akajipepea kofia.

"Meliame, huyo mwana wenu anataka kijiji kizima kiingie kwenye mtambo wake mwezi wa saba. Nyumba arobaini na mbili. Wanawake wamesema hawaingii mpaka wewe usimame mkutanoni useme ni salama."

"Kwa nini mimi? Mimi ni fundi wa kompyuta?"

"Wewe ni shangazi yake, dada wa baba. Akikudanganya wewe, nywele zitamng'oka, kama walivyosema wazee."

"Nywele zenyewe anazo?"

"Ndiyo maana naogopa. Labda ameshakudanganya."

Tulicheka. Kisha mimi nikaacha kucheka kabla yake.

Mtambo bado umo chumbani kwa baba yako, juu ya kabati, pale pale ulipouacha. Mimi siingii. Chumba cha kaka ni chumba cha kaka, hata akiwa kaburini. Kelepi ndiye anayeingia kupangusa betri ya jua. Kwa hiyo nakuuliza wewe: watu wawili wakiandikiana humo kwa faragha, yule anayeshika ufunguo wa mtambo anaona nini?

Nijibu kwa karatasi.

Shangazi yako,
Meliame


Māngere, Auckland
9 Machi 2024

Shangazi,

Mafundo yalikuwa matatu. Nilimwonyesha Hingano, akasema mikono yako haijabadilika.

Sisi wazima. Baridi bado haijafika. Naenda kazini shuleni na mkeka wa maombolezo kiunoni. Wiki ya kwanza wanafunzi waliuliza, sasa wameacha, mmoja tu ndiye hunifungulia mlango kila asubuhi kana kwamba nimebeba mzigo. Mtoto mdogo anamwita babu yake kila akiona picha ya nguruwe. Hatujui tumjibu nini.

Naomba nikukumbushe kwa nini tulianza, ili uwaambie wanawake. Mlima ulipolipuka chini ya bahari na waya ukakatika, wiki nyingi mimi hapa sikujua kama mko hai. Hilo ni langu. La kwenu lilikuwa baya zaidi: Foa na Pangai, mnaoonana kwa macho, hamkuweza kutumiana neno, kwa kuwa neno la kutoka nyumba moja kwenda ya jirani lilikuwa linapita kwanza nchi ya mbali, kwa watu wasiotujua. Baba aliniambia, "Tengeneza kitu kitakachobaki." Ndiyo Lalanga. Mtambo wenu mko nao wenyewe. Vijiji vingine duniani vina yao, na yote inajuana, inatumiana habari, lakini hakuna mwenye yote. Waya ukikatika, nyumba arobaini na mbili zitaendelea kuongea. Waya ukirudi, maneno yaliyokuwa yakisubiri yataondoka yenyewe.

Kuhusu swali lako: mambo ya faragha ni ya faragha. Waambie wasiwe na wasiwasi.

Nami nina swali moja. Nilipokuja kuzika uliniambia ilikuwa ghafla. Ilikuwa ghafla, Shangazi? Alikuwa akilala ameketi kwa muda gani?

Mwanao,
Siupeli


Foa
23 Aprili 2024

Mwanangu Siupeli,

Pasaka imepita salama. Tuliimba ule wimbo alioupenda baba yako, na sehemu yake ya sauti nzito ilibaki na shimo, kila mtu alilisikia na hakuna aliyelijaza. Watoto wanafanya mazoezi ya siku yao ya kanisani. Kijiji chote kinashona nguo nyeupe. Mguu uko vile vile. Nguruwe mweusi amezaa saba.

Barua yako nimekaa nayo mwezi mzima na zaidi.

Nikuambie jambo usilolijua. Kabla hujazaliwa nilifanya kazi Pangai, chumba cha simu ya redio, miaka kumi na moja. Mtu wa Auckland akisema, nilibonyeza huku. Mtu wa Foa akijibu, nilibonyeza kule. Pasipo mimi hawakuweza kusikilizana, na mimi sikuweza kubonyeza pasipo kusikia. Walikuwa wakiniambia, "Meliame, wewe jifanye haupo." Nikajifanya. Lakini nilikuwepo. Nilijua nani ana mimba, nani harudi, nani anamwambia mkewe uongo na sauti ya mwanamke mwingine iko nyuma yake. Nikitembea barabarani watu walinisalimu huku wanatazama pembeni. Anayekaa katikati anasikia, Siupeli. Nilitaka kujua kama siku hizi wamepata dawa ya hilo. Wewe umenijibu kwa maneno yanayofanana na kibao cha dukani.

Jana tulikuwa kwenye nyumba ya kusukia mikeka, Losaline akasema, "Nikiingia humo nitamwandikia dada yangu habari za mkwe wangu. Zote. Ila mkwe asizione."

Nikamwambia, "Mkwe wako hajasoma kitu tangu cheti cha ndoa."

"Na hicho hakukisoma vizuri," akasema, "angekisoma asingetia saini." Kisha akaweka ukili chini akanitazama. "Lakini kweli, Meliame. Kijana wenu hasomi?"

Nilijibu kwamba nitajua kabla ya mkutano. Mkutano ni tarehe nane Julai. Nikisimama kumtetea mtu, nasimama kwa jina langu na la kaka yangu, sina lingine.

Sasa swali lako. Umeuliza alikuwa akilala ameketi kwa muda gani. Tangu mama yako afariki, ukiwa na miaka kumi, hakuna mtu aliyemwona baba yako amelala. Nimemzunguka Kelepi kwa maneno, hajui. Nimemzunguka daktari, hajui. Ni mtu mmoja tu aliyeambiwa hilo, na aliambiwa kwa maandishi.

Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe hukunijibu langu, nami sijakujibu lako.

Shangazi yako,
Meliame


Māngere
26 Mei 2024

Shangazi,

Wazima. Mvua.

Mafundo yalikuwa matatu, lakini uzi haukuwa wa mkadi safari hii. Ni uzi wa dukani. Sijui niseme nini juu ya hilo.

Watu wa kijiji huona mambo, na huongea. Ninaweza kuwa nimesikia popote.

Siku ya Krismasi nilipiga simu. Nilikuambia baba haonekani siku hizi, nikipiga anaongea dakika mbili anakata. Ukaniambia yuko shambani anapalilia magimbi, na kwamba mzee huyu hatatulia mpaka ardhi imkatae. Nilicheka. Nawe ukacheka. Tangu Februari ninakisikiliza kicheko kile. Tarehe ishirini na tano Desemba mtu hapalilii, Shangazi. Hata baba. Nilitakiwa kulijua hilo mwenyewe, na sikulijua kwa sababu uliyesema ni wewe.

Kama wanawake hawaitaki Lalanga, nitaizima. Haitakuwa kazi kubwa.

Siupeli


Māngere
23 Juni 2024

Shangazi,

Wiki nne bila jibu. Mke wa kasisi alirudi tena, nikampokea uwanja wa ndege, akafungua mkoba kabla sijamuuliza akanionyesha kwamba hamna kitu. Alinihurumia, nikaona aibu.

Watoto hawajambo. Mdogo ameng'oka jino la mbele. Hingano amesoma nakala za barua zangu, maana huwa naandika mara mbili, akasema, "Unamwandikia shangazi yako kama wakili. Acha kuzunguka." Basi naacha.

Anayeshika ufunguo wa mtambo anaona yote. Maneno ya faragha yamelala ndani kama barua zilizokunjwa bila bahasha. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Niliwaambia "faragha" kwa sababu ndivyo kitufe kilivyoandikwa, na kwa sababu nilijiamini.

Ilikuwa alasiri, siku ya nne baada ya maziko. Betri ilishuka, Kelepi akaniita. Niliingia chumbani kwa baba bila baba mwenyewe kuniita, mara ya kwanza maishani mwangu. Kofia yake ilikuwa msumarini. Sikugusa kitu isipokuwa mtambo. Nilihamishia kumbukumbu zake kwenye diski mpya, na ukihamisha ni lazima ujue kama zimefika nzima, kwa hiyo unafungua moja unatazama. Ingekuwa yoyote. Ikawa hiyo: jina la baba juu, jina lako chini.

Ningeweza kuifunga. Nilisoma zote kumi na moja.

Kati ya nyumba yako na yake ni hatua sitini. Sikujua kama mlikuwa mnaandikiana. Nilisoma anavyokuambia mgongo unamkataza kulala chali, analala ameketi ameegemea kabati, na kwamba daktari alimwambia mwezi wa nane kwamba hatafika Pasaka. Halafu: "Usimwambie kijana. Ataacha kazi aje anitazame." Na chini yake, wewe: "Sawa, kaka."

Maneno mawili. Miezi mitano nilikuwa nikiweka picha za watoto Lalanga na yeye anabonyeza nyota kwenye kila moja, nami nikidhani nyota ni afya.

Najua nilichokifanya. Nimesoma ya kaka na dada, ambayo hata kama wangeyasema mbele yangu ningepaswa kutoka nje. Na nimefungua kitu cha baba. Unakumbuka kikombe chake cha bati cha bluu? Nilikuwa na miaka saba, nimetoka kucheza, koo limekauka, nikanywa maji yake yaliyobaki. Mtoto hanywi kwenye kikombe cha baba yake, hilo nililijua kabla ya kujua kuhesabu. Wewe ndiye uliyenikuta. Ulinipeleka nyuma ya nyumba ukanisukutua mdomo kwa maji ya bahari, ukacheka, ukasema nikinyamaza na wewe utanyamaza. Siku kadhaa nilisubiri nywele zing'oke. Hukumwambia baba. Ndipo nilipojua kwamba wewe ni mtu wa kutunza siri, na nilikupenda kwa hilo. Sikuwaza kwamba siku moja ungetunza na hii, mimi nisiijue.

Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba niliona ni wewe mwenye kosa peke yako. Sioni hivyo tena, ila hasira bado ipo, sitakuficha.

Nitaizima Lalanga mwisho wa Julai. Usisimame mkutanoni kwa ajili yangu.

Siupeli


Foa
30 Julai 2024

Mwanangu Siupeli,

Hatujambo, nawe uwe hujambo. Nyangumi wamefika. Juzi mama na mtoto wake walikaa karibu na gati asubuhi nzima mpaka watu wa meli wakachelewa kushusha mizigo. Mguu wangu unaniruhusu kufika kanisani na kurudi. Wale nguruwe saba wamebaki watano, usiulize, kulikuwa na harusi.

Nianze na uzi. Ule wa dukani ni wangu. Mkadi wote tulikuwa tumeuloweka baharini, sikuwa na hata ukili mmoja mkavu. Tumefika mahali pa kutazamana hata nyuzi, mimi ndiye niliyeanza.

Barua yako ya Juni ilinifika siku tatu kabla ya mkutano. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya Biblia, nikaenda kuketi kaburini mpaka kokoto zikaanza kuniumiza. Nilikukasirikia. Nilitaka kukutamkia neno la laana, ambalo shangazi akilitamka halirudi. Nikakumbuka ulivyokohoa maji ya bahari, na macho yako makubwa, nikashindwa.

Wewe umesema yako. Nami nitasema yangu mawili.

La kwanza, chumba cha simu. Nilikuambia nusu. Siku moja nilimsikia mume wa rafiki yangu akiongea na mtoto wa nyumba nyingine, huko Auckland, anamwita mwanangu. Nilikaa nalo wiki mbili. Kisha nikamwambia rafiki yangu. Nilidhani namsaidia. Hakumwuliza mumewe alikosa nini, aliniuliza mimi, "Ulisikia lini?" Nikasema wiki mbili. Akasema, "Wiki mbili umekuwa ukila kwangu." Hakula nami tena mpaka anakufa. Kwa hiyo najua kusikia, najua kusema, najua na kuchelewa. Vyote nimevifanya vibaya. Nilipoanza kukushuku wewe, nilikuwa namtazama mtu ninayemfahamu.

La pili, "Sawa, kaka." Nilipofika miaka kumi na miwili baba yako alitoka katika nyumba tuliyolala, na tangu siku hiyo hatukukaa chumba kimoja. Hakutania mbele yangu. Hakuniambia lolote la mwili wake wala la moyo wake. Silalamiki, ndiyo heshima yetu, nami nilimheshimu vivyo hivyo. Miaka hamsini, viazi vikuu vya kwanza vya kila msimu aliviacha kwenye uzio wangu, vimesafishwa udongo. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Wewe ukaleta Lalanga, na baada ya miezi yeye akaandika. Kwanza habari za nguruwe. Halafu za mama yetu, alivyokuwa akivuta mguu akicheza. Halafu za mgongo. Sikuwahi kuwa na kaka mwenye maneno, Siupeli. Nilimpata kwa miezi mitano. Aliponiomba nisikuambie, niliogopa kwamba nikikataa ataacha kuandika. Hiyo ndiyo sababu, na si nzuri. Nilijinunulia maneno yake kwa siku zako za kumwona. Krismasi nilipocheka kwenye simu, nilikuwa nimeketi sakafuni.

Sikuombi uache hasira. Ishike kadiri utakavyo, ila uje nayo nyumbani.

Sasa mkutano. Ukumbi ulijaa, hata wasiokuja hata kwenye harusi walikuja. Kelepi alisema, "Meliame atatuambia kama mtambo huu ni salama," akaketi, ametulia, anadhani kazi imekwisha.

Nikasimama. Nikasema, anayeshika ufunguo anaona yote. Nimemuuliza mwana wetu, amenijibu. Na amewahi kusoma. Alisoma maneno yangu na ya kaka yangu, na ameniandikia mwenyewe kuniambia. Yaliyokuwamo humo sitayasema. Mkitaka kuikubali, ikubalini mkijua hivyo, na mkitaka kuikataa, msiseme Meliame aliwaficha.

Nikasikia jogoo wa kasisi.

Kelepi akasema, "Basi. Tuizime."

Losaline hakusimama hata. "Izime. Waya ukikatika tena, utapanda juu ya mnazi utuite kwa mdomo? Hata ngazi ya Meliame unapanda kwa kupumzika."

"Sasa wewe unataka nani asome habari za mkwe wako?"

Mkwe alikuwepo. Alitazama dari.

"Nataka asisome mtu," Losaline akasema. "Ukate huo ufunguo vipande viwili. Kimoja ushike wewe, kimoja dada yako Vaisima. Tuone mtakaa wapi mkisoma."

Watu walicheka, maana Kelepi na Vaisima hawajakaa chumba kimoja tangu Kelepi abaleghe. Hata kanisani akiingia yeye Vaisima huhamia benchi la mbele. Kicheko kilienda mpaka nyuma ya ukumbi, halafu kikaisha ghafla, kila mtu akawa anamtazama Losaline. Yeye mwenyewe alishtuka.

Vaisima ndiye aliyesema, kutoka dirishani, maana ndani yumo kaka yake. "Nusu yangu nitaiweka kichwani. Siandiki popote."

"Na mimi nikisahau yangu?" Kelepi akauliza.

"Iandike tumboni," Losaline akamwambia. "Nafasi ipo."

Ndivyo walivyopitisha. Mtambo umehamishiwa nyumba ya kusukia, uko katikati ya wanawake mchana kutwa. Ukihitaji kufunguliwa, unafunguliwa mbele ya mkutano, milango wazi. Vaisima anaingia, anaandika nusu yake, anatoka. Kelepi anaingia, anaandika yake. Kaka na dada hawawezi kuchungulia pamoja, na mmoja wao pekee haoni kitu.

Yaliyofuata unayajua, kwa kuwa ni wewe uliyewaongoza kwa simu siku ile ya Jumamosi. Ulijua kwamba wakimaliza mlango utafungwa na wewe utabaki nje kama sisi wote, na hukuuliza swali hata moja. Ulikuwa unasema tu, "Sasa bonyeza pale. Sasa natazama pembeni, andika." Sikuja kwenye simu. Nilikaa nje ya nyumba ya kusukia nikisikiliza sauti yako. Imekuwa nzito. Ungeweza kuimba sehemu ya baba yako.

Jumatatu nyumba thelathini na nane ziliingia. Nne zinatusubiri tuangamie kwanza. Picha ya kwanza iliyowekwa ni ya mguu wa Losaline, alikosea, na mpaka jioni ilikuwa na nyota ishirini, nyingine zimetoka kwenye mitambo ya watu tusiowajua, nchi tusizozijua. Losaline anasema ameanza kuwa maarufu kuanzia chini. Kuhusu mkwe hajaandika. Amesema akili ya kumwandika imemtoka, tangu amwone anatazama dari.

Zile kumi na moja ziache zilipo. Hakuna anayeweza kuzifungua sasa bila Kelepi na Vaisima na kijiji kizima, na kijiji kizima kitaona aibu.

Kuna ya kumi na mbili ambayo hukuisoma, kwa kuwa haikuandikwa. Siku ya mwisho aliyoweza kutembea, alikuja kwenye uzio. Alisimama upande wake, amenipa mgongo, nami nikasimama upande wangu nimempa mgongo. Akasema, "Kikombe cha bluu mpe kijana. Mwambie nilimwona." Alikuwa mlangoni siku ile uliyokunywa. Akarudi nyuma hatua mbili ili usijue kwamba amekuona. Miaka thelathini na moja hakulisema. Sikukuambia kwenye mazishi, kwa sababu ungeniuliza alilisema lini, na kwa nini alikuwa anagawa vitu.

Sasa nakuambia. Kelepi amenitolea kikombe chumbani. Vitu vya kaka yangu kuvigawa ni haki yangu, na mimi nimegawa. Mke wa kasisi anakuletea pamoja na gauni la Hingano, kimefungwa ndani ya gauni kisigongwe. Bahasha hii sikuishona.

Nywea maji tu, usiweke ua wala penseli ndani yake. Na ukinywa, nikumbuke.

Shangazi yako,
Meliame